Kidole Hadi Kiungo cha Pili

Kabla hajakusalimia wewe, alisalimia mti wako. Alivua kofia mlangoni, akapita katikati ya viti vya saloni, chumba cha wageni, bila kumtazama mtu, akaenda moja kwa moja kwenye kona yenye chungu cha maua, akainama na kuchoma kidole cha shahada cha mkono wa kuume ndani ya udongo hadi kiungo cha pili. Akakaa hivyo kitambo, macho yakiwa kwenye dari. Ndipo alipogeuka na kusema, "Jambo, mutoto yangu. Batu ya ku nyumba beko muzuri?" Wageni waliotoka mbali walidhani ana wazimu. Sisi wa mtaani tulikuwa tumezoea.

Tulimwita Tata wa Maua, yaani Baba wa Maua. Jina lake nililijua, lilikuwa kwenye orodha ya mashemasi wa kanisa letu, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia isipokuwa mkewe alipokasirika. Kwa miaka mingi kazi yake katika kampuni ya zamani ya madini ilikuwa kutunza miti ya ndani: ile iliyopangwa kwenye korido za ofisi, kwenye ngazi, na kwenye chumba cha kungojea cha mkurugenzi. Wazee wenzake, watoto wa Wakasai walioletwa zamani kwa kazi ya mgodi, walijisifu kwa tanuru na mashine. Yeye alijisifu kwamba katika korido yake ya ghorofa ya kwanza hakuna mti uliokufa. Walimcheka, naye aliwaacha wacheke.

Mimi ni muuguzi. Zahanati yetu hapa Kolwezi iko upande wa kwenda Mutoshi, na wengi tunaowapokea ni vijana wachimbaji: vifua vilivyojaa vumbi, macho mekundu, vidole vilivyopondwa na mawe. Nasema hivi ili ijulikane kwamba mimi pia nina mazoea ya kuangalia kitu kilichoharibika na kuuliza maswali. Lakini sijaona daktari aliyeuliza kama yeye. Mti uliulizwa ulihamishwa lini, dirisha linatazama upande gani, nani ameingia nyumbani hivi karibuni, nani ametoka. Kisha, baada ya kusikiliza majibu yote kwa heshima, hakuamini hata moja. "Batu banasemaka bongo juu ya maji," aliniambia, bongo kwetu ikiwa ni uongo. "Haiko kwa ubaya. Banasahau tu." Kwa hiyo alikiamini kidole.

Alikuwa na uadui wa kudumu na mafuta. Kuna mama mmoja jirani yetu ambaye, binti yake alipokuwa anaolewa, alipaka majani ya mti wake mafuta ya mawese ili yang'ae mbele ya wakwe. Yaling'aa kweli. Lakini barabara yetu hupitiwa na malori ya madini mchana kutwa, na vumbi jekundu likaja likakaa juu ya mafuta yale na kuganda. Baada ya wiki tatu majani yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu. Tata wa Maua alipoitwa, hakuangalia hata udongo.

"Mama, mi nikikupaka mafuta mu pua, utapumua?"

"Ee Tata, muti iko na pua?"

"Iko na pua mingi kupita yako. Zote ziko huku chini ya jani. Leta maji na kitambaa. Haiko ile ya sahani."

Mama alicheka hadi akashika mbavu. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye kigoda asubuhi yote, akafuta jani moja moja, juu na chini, kiganja kimoja kikishikilia jani kwa nyuma, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Kazi hiyo aliifanya akiwa amevaa tai. Siku zote alivaa tai alipokwenda kuona mti wa mtu, hata kama nyumba yenyewe ilikuwa mlango wa tatu kutoka kwake.

Upole huo wote uliishia kwenye majani. Kwa wanadamu alikuwa mkali, na kwa wanawe alikuwa mkali zaidi. Mmoja wao aliniambia kwamba utotoni aliionea wivu miti ya ofisini. Jambo lililotushangaza ni kwamba nyumbani kwake hamkuwa na hata ua moja. Uani palikuwa na sombe ya majani ya muhogo, matembele na mistari miwili ya vitunguu. Ndani palikuwa na meza, viti, kalenda ya kanisa, basi. Nilimwuliza siku moja sababu.

"Kazi ni kazi," akanijibu. "Ku nyumba mi nakulaka."

Mkewe, aliyekuwa akichuma sombe pembeni, akasema kwa sauti ya kusikika, "Asikudanganye. Anaogopa. Ya batu ikikufa, ni ya batu." Tata wa Maua akajifanya hajasikia.

Kanisani alilala. Alikuwa shemasi, aliketi mstari wa mbele, na alilala tangu wimbo wa pili hadi sadaka. Mara moja tu nilimwona amezinduka katikati ya mahubiri: siku mhubiri mgeni alipotufundisha juu ya mtini uliolaaniwa ukanyauka. Baada ya ibada alimfuata mgeni yule hadi nje na kumwuliza, kwa heshima zote, kama kuna mtu aliyeangalia mizizi. Mgeni alidhani ni fumbo la kiroho na akamjibu kwa fumbo lingine. Waliachana kila mmoja akimsikitikia mwenzake.

Kampuni ilipopungua na ofisi za ghorofa ya kwanza zikafungwa, miti ilibaki ndani. Hakuna aliyekumbuka kuwa ile pia inaishi. Tata wa Maua alikuwa amekwisha kupumzishwa kazi, lakini kila Jumatatu alikwenda na bidon yake ya maji, mlinzi akamfungulia mlango wa nyuma, akamwagilia korido tupu. Ilikuwa hivyo kwa zaidi ya mwaka. Halafu wakaja mabwana wapya, wakaitupa miti yote nje na kuweka ya plastiki. Jumatatu iliyofuata alipita kama kawaida, mlinzi akaona haya kumwambia. Alifuta majani ya plastiki kutoka mwanzo wa korido hadi mti wa nne ndipo akagundua. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe, na alipofika mwisho alisema kila mara neno lilelile: "Ile haiko na ugonjwa. Lakini haiko na afya pia." Kisha akaomba chai. Chai yake ilikuwa na sukari vijiko vitano.

Sasa nifike kwenye mti wangu. Nimeuchelewesha makusudi.

Haukuwa wangu, ulikuwa wa mke wangu. Aliletewa na familia moja iliyokuwa ikihama Kolwezi, ukiwa hauzidi goti, mtini wa nyumbani wenye majani mapana kuliko kiganja cha mwanamume. Aliuweka saloni karibu na dirisha la mashariki. Kila asubuhi alipokunywa chai alisimama pale na kuuambia mambo, mengine yakiwa malalamiko juu yangu, kwa sauti ya kutosha ili niyasikie nikiwa chumbani. Ulikua hadi ukamfika begani. Mke wangu aliugua kwa wiki tatu, mwanzoni mwa mvua, akafa. Mimi ni muuguzi na sikuweza kitu. Sikulia siku ile wala siku zilizofuata. Watu walisema nina moyo wa nguvu. Ukweli ni kwamba sikuhisi kitu, na nilijua kwamba sihisi kitu, na hata hilo halikunitisha.

Kwetu mwenye kilio hukaa. Anawekewa kiti au mkeka, naye anakaa, nyumba yake inaendeshwa na wengine. Shemeji wanapika, mashangazi wanafagia, wajomba wanapanga wageni. Ukisimama kuchukua hata kijiko, utanyang'anywa: "Tata, weye kaa." Nilikaa. Niliona watu wakiingia na kutoka, wakipewa maji ya kunywa, wakibakiza nusu kikombe. Mama zetu hawapendi maji ya kunywa yamwagwe chini mbele ya mwenye kilio. Basi kila aliyebakiza aliinama kwenye kona na kuupa mti. Wengine waliumwagilia kwa mapenzi: "Ni muti ya marehemu, tusiache ikauke." Majani yalipoanza kulegea, mapenzi yaliongezeka. Niliyaona yote hayo kutoka kwenye kiti changu.

Wageni walipokwisha nikabaki peke yangu na mti wenye madoa ya kahawia. Yalianzia kwenye majani ya chini, karibu na mshipa wa katikati, yakapanuka. Kila siku mbili jani lilianguka, na katika nyumba iliyo kimya jani la ukubwa ule huanguka kwa kishindo. Nilikuwa sijalia, sikuwa nikiota ndoto, sauti ya mke wangu ilikuwa imeanza kunitoka kichwani. Nikaona kwamba mti ule ukifa, hapatakuwa na kitu hai katika nyumba ile kilichopata kumjua. Nikaenda kumwita Tata wa Maua.

Alikuja na tai. Akachoma kidole, akakitoa, akakinusa.

"Nani anatiaka maji humu?"

"Mi, Tata."

"Weye moja?"

"Mi... na batu ya kilio."

"Batu ngapi?"

Akachuma jani moja lenye doa, akalikunja mbele ya macho yangu. Halikuvunjika. "Angalia. Muti yenye kukosa maji, jani inakauka kwa pembeni, inavunjika sawa karatasi. Hii weusi inaanzia katikati, na iko laini. Muti yako inazama. Lakini yenye kuzama na yenye kiu, zote mbili zinalegea namna moja. Njo maana batu banaongeza maji." Akanitazama. "Na weye munganga, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakaa, Tata."

"Ee," akasema. "Njo vile kilio iko."

Tuliubeba hadi uani, tukaulaza juu ya gunia. Chungu kilikuwa kizuri, cha rangi ya buluu, na hakikuwa na tundu hata moja. Udongo ulitoka na harufu ya bwawa. Alifungua kisu chake kilichofungwa kwenye gazeti, akanionyesha mizizi: mweusi unaoteleza na kuambuka ngozi, huo ni mfu, mweupe mgumu, huo bado unataka kuishi. Aliikata myeusi yote. Ilikuwa mingi. Kisha akasimama, akaushika mti kwa juu, na kabla sijasema neno akakata kichwa chake chenye majani matatu mazuri kuliko yote. Maziwa meupe yakachuruzika.

"Tata! Ile ilikuwa muzima!"

"Mizizi imepunguka. Kichwa inapashwa kupunguka pia. Hauwezi kulisha jamaa yote na mukono moja."

Alifuta maziwa kwa kitambaa, akakiviringisha kichwa kile katika gazeti lililolowa, akakitia mfukoni mwa koti. Nilidhani atakwenda kukitupa mbali ili nisikione. Alipasha msumari moto kwenye mbabula, jiko la makaa, akatoboa ndoo ya plastiki matundu saba, akachanganya udongo na makaa yaliyopondwa na mchanga wa chembe kubwa aliokuwa akiuleta kwa baiskeli kutoka Nzilo. Tulipomaliza, mti ulikuwa mfupi na una majani manne. Akanipa masharti. Ukae dirishani pale pale, usihamishwe, hautaki safari. Baridi ya mwezi wa saba isiupige. Maji, usitie hadi kidole kiseme: kidole changu, si cha mtu mwingine.

Nilifuata. Nilichoma kidole kila asubuhi kabla ya kwenda zahanati, kama mtu anayemeza dawa, bila kutumaini. Mwezi wa tatu, kwenye ncha, kulitokea kitu chekundu kilichojikunja. Baada ya siku kumi kikawa jani. Nilipomwambia Tata wa Maua kanisani, aliuliza ukubwa wake, nikamwonyesha kwa vidole. Akaitikia kwa kichwa na hakulala hata kidogo ibada ile.

Ukoo wa mke wangu ulikuja mwezi wa saba kumaliza kilio. Walikuwa wengi, na walihitaji saloni kwa viti. Nikakalishwa tena. Shemeji yangu mkubwa, mtu mwema, aliinua ndoo na kuitoa nje, akaiweka ukutani penye jua kali. Nilimwona. Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa mafupi, "Shemeji, hiyo acha," na hayakutoka. Sikuwa na hasira wala huzuni. Nilikaa tu. Mchana jua liliuchoma, usiku ule baridi ya Kolwezi ikaupiga, na kwa siku nne wageni wakipita waliupa maji waliyobakiza. Siku ya tano nilipoingiza ndoo ndani, majani yalikuwa meusi. Niliendelea kuchoma kidole asubuhi kwa wiki mbili. Halafu nikaacha.

Jumapili iliyofuata Tata wa Maua alinishika mkono mlangoni pa kanisa. "Muti iko namna gani?"

"Iko bien, Tata."

Nilimdanganya hivyo, kwamba mti ni mzima, kila Jumapili kwa karibu miaka miwili. "Iko bien, Tata." Hakuuliza zaidi. Niliona aibu mara ya kwanza na ya pili, baadaye hata aibu ikaisha. Kisha mkewe akafariki, na yeye akapigwa na kiharusi, ugonjwa wa upande mmoja, na binti yake akamchukua kumpeleka Lubudi.

Nilikwenda Lubudi mwaka huu kwa kazi ya chanjo. Nilipomaliza, nikauliza njia. Nyumba ya binti iko karibu na reli, na yeye alikuwa ameketi mlangoni na blanketi magotini. Alikuwa amevaa tai, sijui nani aliyemfungia. Mkono wa kuume ulilala juu ya blanketi kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Maneno yalitoka polepole lakini yalitoka.

"Muti iko namna gani?"

Safari hii nilisema. "Ilikufa, Tata. Zamani. Baliitosha mu saloni, baliiweka inje, siku ya kumaliza kilio. Mi niliona. Sikusema kitu."

"Najua," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Weye. Mutu yenye muti yake iko muzima anasemaka mambo. Imetosha jani ya mupya, jani iko na ukubwa hii. Weye kila siku paka bien, bien tu." Akapumzika. "Ingia mu saloni. Ku dirisha."

Niliingia. Katika nyumba anamoishi mtu ambaye hakupata kuwa na ua hata moja ndani, ulisimama mtini unaonifika kiunoni, kwenye ndoo yenye matundu, majani yake yamefutwa juu na chini. Chini kabisa kwenye shina niliona kovu, pale kisu kilipopita siku ile uani kwangu: ndicho kile kichwa alichokitia mfukoni. Nilihesabu majani, nikarudia kuyahesabu, nikasahau idadi. Binti yake, aliyekuwa amenifuata, akasema kwa sauti ndogo kwamba baba yake aliubeba ule mti kwenye treni kutoka Kolwezi akiwa ameukumbatia kwa mkono wa kushoto, na kwamba nguo ziliachwa.

Kutoka mlangoni Tata wa Maua akaita. "Tangu ugonjwa ilinipata, kidole yangu haisikiake tena. Nachoma, haisemi kitu. Mutoto anatia maji kwa kubahatisha. Angalia weye."

Nikapiga magoti. Nikachoma kidole hadi kiungo cha pili. Mwanzoni hapakuwa na kitu, kama ilivyokuwa katika kila nilichokigusa tangu kilio kile. Nikangoja, macho kwenye dari, kama yeye. Ndipo nikasikia baridi ndogo kwenye ncha, na udongo uking'ang'ania ngozi, na nikamkumbuka mke wangu amesimama na kikombe chake akinisema kwa mti, sauti yake yote, neno kwa neno.

"Inasema nini?" Tata wa Maua akauliza.

"Iko na maji bado, Tata."

"Shi basi, usiongeze. Utaibeba kesho."

Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, mbele ya binti wa watu, kidole kikiwa bado ndani ya udongo, na yeye kule mlangoni hakuniambia ninyamaze.